Nilivyokikagua Kitanda cha Mama Mkwe

Najua mtacheka, kwa hivyo chekeni sasa tumalize, maana hata mke wangu hucheka mpaka leo na yeye ndiye karibu nimkose kwa sababu ya mkasa huu. Mimi Owino, mtu mzima mwenye ndevu, mtu wa ofisi, nilikalia kitanda cha mama mkwe wangu. Na msidhani nilikuwa naanguka, au nilishikwa na kizunguzungu nikajishikilia hapo. Nilikaa kwa hiari yangu, nikadunda mara mbili, halafu nikaandika kwenye fomu. Kama wewe ni Mjaluo na unasoma hii, tafadhali usiondoke, ngoja kwanza nieleze.

Kwa wale ambao si wa kwetu, mama mkwe tunamwita maro, na maro ni mtu wa kuheshimiwa mpaka uchoke. Hamli naye sahani moja, hamkai karibu karibu mkipiga domo, hulali kwake hata mvua inyeshe namna gani, na chumba chake cha kulala, hicho hata mlango wake ukiuona unatazama kando. (Marehemu babu yangu alinyeshewa mchana kutwa nje ya nyumba ya maro wake kwa sababu mama wa watu alikuwa peke yake ndani, na hadithi hiyo nilinyweshwa pamoja na uji tangu utotoni.) Kwa hivyo siwezi kujitetea kwamba sikujua.

Kazi yangu ni kukagua vituo vya kulelea watoto wadogo, vile ambavyo mama anayeenda kuuza sokoni, au mwalimu, au muuza omena, dagaa wa ziwani, anaacha mtoto wake asubuhi na kumchukua jioni. Naangalia leseni ya kituo, naangalia cheti cha tabia njema cha kila mlezi, cheti cha afya, cheti cha mafunzo, halafu naangalia jiko, choo na mahali watoto wanalala. Nilianzia Migori, na huko nilikuwa na sifa zangu, walezi walinipa jina Karatasi, yaani nikionekana tu kwenye kona unasikia mtu anaita, "Karatasi anakuja!" na mlango unaanza kufagiliwa. Nilijifanya jina hilo linaniudhi, lakini kusema kweli lilinipendeza sana.

Ni huko huko Migori nilimpata Awuor, anayeuza dawa kwa chemist inayotazamana na ofisi yetu, msichana wa maneno machache na macho ya kukupima, na sitawaficha, nilimpenda mpaka nikaanza kuumwa na kichwa kila siku ili nipate sababu ya kwenda kununua dawa. Tulipokubaliana, tukapanga siku ya ayie, ile siku ambayo kwetu mama wa msichana anatamka kwa mdomo wake kwamba amekubali. Baba yake Awuor alikuwa amefariki zamani, kwa hivyo neno lote lilikuwa la mama. Wajomba wanaweza kukubali, mashangazi wapige vigelegele, lakini mama akinyamaza, unabeba watu wako mnarudi nyumbani.

"Mama alishamrudisha mmoja," Awuor aliniambia, kana kwamba ananiambia bei ya panadol.

"Alifanya nini huyo?"

"Alichelewa. Halafu akadanganya kuhusu kuchelewa."

Nikaapa sitachelewa. Siku ilikuwa imepangwa Jumapili (kwao ni Wasabato, Jumamosi haiguswi, na mimi Mkatoliki nikaomba ruhusa ya kukosa misa). Juu ya mama mwenyewe nilijua mambo mawili tu, kwamba alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, na kwamba ukimpigia simu mchana ananong'ona, "Watoto wanalala," anakata. Mimi nikadhani ni wajukuu. Mimi ambaye naamka asubuhi na kuvaa viatu kwenda kuuliza watu mambo yasiyonihusu, hapo sikuuliza swali hata moja.

Kumbe Awuor alinificha makusudi. Mama yake ana kituo cha kulelea watoto Kendu Bay, na Awuor, akijua tabia zangu za Karatasi, na akijua pia mama yake ana maoni gani juu ya wakaguzi, alitaka tukutane kwanza tukiwa watu wa kawaida, mambo ya leseni yaje baadaye. Basi serikali nayo ikaniletea uhamisho, kutoka Migori kwenda Homa Bay, wiki mbili kabla ya ayie. Awuor akaniambia, "Zoea Homa Bay mjini kwanza. Kendu Bay utaenda mwezi ujao, hakuna haraka." Mtu mwingine angejiuliza huyu anajuaje ratiba yangu. Mimi nilijibu, "Sawa, mpenzi," nikaendelea kula.

Kwa Alhamisi ya wiki ya ayie, mkubwa wangu alinipa orodha ya vituo, na vyote vilikuwa Kendu Bay.

Sasa hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na lilikuwa dogo kabisa, yaani kosa la kufaa kuwekwa mfukoni. Awuor alikuwa amenishonea shati la Jumapili. Kitenge cha samawati chenye samaki wadogo wa manjano, zuri sana, isipokuwa fundi wa Migori, sijui alikuwa anawaza nini, alishona mfuko wa kifua upande wa kulia. Awuor alicheka akasema uachwe hivyo hivyo, utakuwa mfuko wa bahati. Asubuhi hiyo nikasema wacha nilivae kidogo nilizoee, nisiende ukweni Jumapili nikijikuna. Nikajitazama kwenye kioo, nikaona mimi ni bwana harusi. Halafu nikachukua beji ya kazi nikaitia shingoni, na shati likaharibika.

Lazima niwaambie kuhusu hiyo beji. Picha yake nilipigwa siku moja baada ya kung'olewa jino. Shavu la kushoto limevimba, jicho la upande huo limebaki dogo, mdomo umekwenda Tanzania, na kamba yake ni ya rangi ya chungwa. Ikakaa juu ya samaki zangu na shavu lake. Nikaivua, nikaiweka mezani kando ya thamosi ya chai, nikajiambia kwani watu wa Kendu hawamjui afisa wakimwona? Na kwa akili yangu nyingi, kitambulisho cha taifa huwa nakiweka ndani ya kifuko cha plastiki cha beji hiyo hiyo, nyuma yake, ili visipotee. Vyote viwili vikabaki nyumbani salama salimini.

Kituo cha kwanza na cha pili vilienda vizuri, nikafoka kidogo kuhusu choo. Cha tatu kilikuwa na lango la mabati ya buluu lililochorwa twiga (au mbuzi mwenye shingo ndefu, sikuuliza). Mama mmoja alikuwa anatoka na mtoto mgongoni, lango likawa wazi, nikapenya. Uwanja umefagiliwa, nepi zimeanikwa kwa mstari zimepangwa kwa ukubwa, na watoto wapatao ishirini wamekaa kwenye mikeka wakiimba. Katikati yao alisimama mama mrefu, kitambaa kichwani, miwani imefungwa kwa uzi, mtoto mchanga kiunoni. Watoto wote walimwita Dani, yaani bibi.

"Karibu," akasema. "Wewe ni wa mtoto gani?"

"Mimi si wa mtoto, Mama. Mimi ni wa ofisi." Nikapiga kalamu yangu kwenye ubao wa fomu, tap tap, ule mlio ambao Migori ulikuwa unatetemesha watu. "Ningependa kuona leseni."

Hakutetemeka. Alimpa mtoto mwanamke mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi akimnyonyesha wake, mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja, anayeuza omena hapo sokoni na anayeitwa Min Brayo, yaani mama yake Brayo. Sasa Min Brayo ana watoto wawili mapajani. Dani akaingia ndani akatoka na faili.

"Unataka ya mwaka huu ama ya mwaka jana?"

"Ya mwaka huu."

Ikatolewa. Safi, muhuri unaonekana. Nikaomba cheti cha tabia njema, kikatolewa, chake na cha msaidizi wake. Cha afya, hiki hapa. Cha mafunzo ya malezi, kiko, na picha ya pamoja ya darasa lao imebanwa nyuma. Kila karatasi ndani ya nailoni yake. Nikaangalia jiko, nikaangalia choo, nikaangalia mtungi wa kuzimia moto, nikainama kutafuta hata kipande cha msumari, hakuna. Paka akapita. Nikamtazama yule paka kwa matumaini.

"Paka pia ako na cheti ya chanjo," Dani akasema, akafungua faili ukurasa wa mwisho. Na kweli alikuwa nacho.

Jamani, mkaguzi akikosa kosa anajisikia ameenda matembezi. Ningemwandikia tu "vizuri sana" nikaenda zangu, leo tusingekuwa na hadithi. Lakini sifa za Karatasi zilikuwa zinaniwasha, nikauliza, "Na wale wadogo kabisa, wanalala wapi?"

"Hulala chumba hiki cha mbele. Leo fundi anabadilisha dirisha, kwa hivyo nimewalaza kwangu."

"Nionyeshe."

Akavua miwani. "Hapo ni chumba yangu ya kulala, kijana. Ngoja niwatoe na vitanda vyao, uvione hapa nje kwa mwangaza."

"Mama," nikasema, na sauti niliyotumia bado naisikia nikiwa naoga, "sheria haijui chumba ni cha nani."

Akavaa miwani tena akanitazama. "Umeoa wewe?"

"Niko njiani."

"Haya," akasema, akasogea kando.

"Yawa!" Min Brayo akapiga kelele kutoka kwenye ngazi. "Anaingia kweli?"

Niliingia. Nikaangalia chandarua, nikaangalia dirisha, nikawaangalia watoto wawili wamelala kwenye vitanda vyao vidogo, wazima, wanapumua. Halafu nikakumbuka kwamba godoro laini sana ni hatari kwa mtoto mchanga, na hilo ni kweli, tumefundishwa, ila godoro la kupima lilikuwa lile la vitanda vidogo. Mimi nikapima kile kikubwa, eti kwa sababu huenda mtoto analazwa hapo pia. Nikakaa. Nikadunda. Nikadunda tena kwa uhakika. Nikaandika kwenye fomu: "Godoro: gumu, sawa." Juu ya kichwa changu ukutani, naambiwa, kulikuwa na picha kubwa ya Awuor amevaa joho siku ya kuhitimu. Mimi nilikuwa nimeinama natazama chini ya kitanda.

Nilipotoka, Min Brayo alikuwa amesimama mlangoni na wale watoto wawili, ameona kila kitu.

"Umemaliza?" Dani akauliza kwa upole.

"Nimemaliza, Mama. Kituo chako ni kizuri."

"Asante. Sasa toa zako."

"Zangu?"

"Karatasi zako. Mimi nimekuonyesha zangu mpaka ya paka."

Mkono wangu ukaenda shingoni. Ukakuta samaki. Ukaenda mfuko wa kushoto ambao haupo, ukaenda wa kulia, ukakuta risiti ya fundi. Nikaanza kueleza habari ya meza na thamosi ya chai, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika mwongo hata masikioni mwangu mwenyewe. Nikampigia mkubwa wangu. Simu ikalia, ikalia, alikuwa kwenye mkutano.

"Alikuja mwingine hapa mwezi ule," Dani akasema, bado kwa upole, akitembea kuelekea langoni. "Fomu kama hiyo yako. Kalamu kama hiyo. Aliondoka na mtungi wangu wa gesi." Akateremsha komeo, akatia kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la leso. "Niko na watoto ishirini na mmoja hapa, kila mmoja nimempokea kwa sahihi. Hakuna mtu anaingia hapa na kutoka bila mimi kujua ni nani."

Min Brayo hakuhitaji kuambiwa. Alifika kwenye ua akaita soko zima, "Mwizi wa gesi amerudi! Na sahi ameingia mpaka chumba ya kulala!" Dakika mbili, nyuso zimejaa juu ya ua, wamama wa omena, watu wa boda, mtu mmoja na jembe. Hapo niliogopa kweli, sitajifanya shujaa.

Dani akainua mkono. "Hakuna mtu kumgusa. Atakaa hapa anywe uji mpaka nimjue."

Basi nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki cha manjano, cha watoto, magoti yangu yako karibu na masikio, nikapewa uji kwenye kikombe chenye kifuniko, maana ndio wakati wa uji na hapo kwa Dani anayeketi anakunywa. Msichana wa miaka mitatu hivi, nywele zimesukwa mabutu, akaja akasimama mbele yangu, akanikagua kuanzia viatu mpaka ndevu, na alikagua vizuri kuliko mimi.

"Dani," akauliza, "huyu ni mtoto wa nani?"

"Hatujui bado," Dani akajibu. "Nampigia msichana wangu. Ako Migori, chemist yake inatazamana na ofisi ya hawa watu, anawajua wote."

Migori. Chemist. Jamani, kichwa changu kilikuwa na kila kitu, kilikataa tu kujumlisha. Nikajiambia Migori ina chemist nyingi. Akapiga, akaweka sauti ya nje kwa sababu mtoto mchanga alikuwa amerudi kiunoni mwake. (Waliongea Kijaluo, mimi nawaletea kwa Kiswahili.)

"Awuor," akasema.

Nikajiambia akina Awuor nao ni wengi.

"Naam, Mama. Kwani leo watoto hawalali?"

Ilikuwa sauti yake. Uji ukanipalia, nikakohoa mpaka wa mwisho kwenye mkeka akageuka.

"Nani huyo anakohoa hivyo?"

"Ni mtu nimemfungia hapa. Anasema ni wa ofisi, jina Owino. Hana beji, hana kitambulisho."

"Owino ni wengi, Mama. Yuko namna gani?"

Dani akanitazama juu ya miwani. "Mrefu. Anapenda kubishana."

"Amevaa nini?"

"Shati ya samaki. Samaki ya manjano. Na fundi aliyeshona alikuwa amelala, mfuko iko kulia."

Nilitamani kusema kitu, lakini mdomo wangu ulikuwa umekwenda Tanzania kama kwenye ile picha. Sauti ya Awuor ilirudi imekuwa ndogo. "Mama. Hajaingia ndani, sivyo?"

"Ameingia mpaka chumbani kwangu. Amekalia kitanda."

"Amekalia?"

"Na akadunda!" Min Brayo akapaza sauti ili simu isikose. "Mara mbili!"

"Mama," Awuor akasema, "huyo ndiye wa Jumapili."

Sijawahi kuona mtu akitoweka akiwa bado yupo. Dani alimweka mtoto mkekani polepole, akajifunika leso usoni, akageuka, akatembea kinyumenyume mpaka jikoni, akafunga mlango. Simu ikabaki mkekani inasema, "Hallo? Mama? Hallo?" Mimi nikabaki kwenye kiti cha manjano na kikombe changu. Nadhani ni yule wa jembe aliyeanza, na kicheko kikashika ua wote, Min Brayo akakaa chini kabisa na kupiga ardhi kwa kiganja, mwingine anaita, "Ora amekuja kukagua!" (ora ndio mkwe), mwingine anauliza kama niliandika risiti.

Na kufuli bado limefungwa. Ufunguo uko kwenye leso ya maro, maro yuko jikoni, na baada ya yote yale siwezi kumsogelea wala yeye hawezi kunisogelea. Nilisimama katikati ya uwanja kama nepi iliyosahauliwa. Mwishowe mlango wa jikoni ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, na yule msichana wa mabutu akakabidhiwa ufunguo juu ya kifuniko cha kikombe, akanibebea kwa mikono miwili. Nilifungua nikakimbia, fomu zangu nikaziacha huko ndani, na nyuma yangu nikasikia sauti ndogo ikilalamika, "Dani, hajamaliza uji!"

Jioni hiyo Awuor alinipigia. Nilitegemea atalia au atanitukana, ningejua pa kuanzia. Alisema tu, "Owino, ulishindwa kuvaa kamba shingoni?" Nikauliza mama amesema nini. "Hajasema kitu. Nimempigia mara tatu. Anasema yuko sawa, anauliza hali ya hewa." Na nyinyi mnajua kunyamaza kwa huyo mama maana yake nini. Ijumaa jua lilipotua, Sabato ikaingia, simu yake ikazimwa mpaka Jumamosi jioni, na mimi nikakaa siku nzima nikifua shati moja. Nilifikiria Awuor akiendelea kuuza dawa pale mbele ya ofisi, na mimi nikienda Migori kwa kazi nikipitia barabara ya nyuma, na niliumia, nawaambia ukweli, nililia kidogo kwenye sinki. Mkubwa wangu nilipomweleza kwamba siwezi kusaini ripoti ya kituo kile alicheka mpaka akaomba maji, akamtuma mwenzangu.

Jumapili tulifika mapema mno, jogoo wao walitushangaa. Mjomba wangu ndiye alikuwa msemaji, na kabla hajafungua mdomo mzee mmoja wa upande wao, kaka ya marehemu baba yake Awuor, akakohoa. "Tumesikia kuna mmoja wenu alitangulia wenzake."

Mjomba akatazama viatu vyake. Mimi nikatazama vyangu.

"Kwa maoni yangu," mzee akaendelea, akionekana kufurahia sana, "siku ile huyu hakuwa mkwe. Alikuwa serikali. Serikali huingia popote."

"Serikali bila beji ni nani?" shangazi mmoja akauliza.

Wakabishana. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na jikoni, alikokuwa mama mwenyewe, hakuna neno. Awuor alikuwa amesimama kando ya mlango wa jikoni, hatabasamu, anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Halafu shangazi mwingine akatoka humo na daftari lenye jalada la karatasi ya kaki, akaliweka magotini mwangu pamoja na kalamu. Nililijua. Ni daftari la kituo, la aina ninayoikagua kila siku, ambalo kila anayemchukua mtoto hujaza kabla hajatoka naye langoni.

"Amesema ujaze," shangazi akasema.

Jina: Owino. Nambari ya kitambulisho: hapo nikaivua beji shingoni nitoe kitambulisho nyuma yake, maana nilikuwa nimeivaa, naam, juu ya samaki, na kamba yake ya chungwa. Shangazi akaomba kuiona. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akaipitisha. Ikapita kwa wazee, ikapita kwa wajomba, kila mtu akiinama na kujizuia, ikaingia jikoni. Halafu kutoka huko jikoni kikatoka kicheko kimoja kirefu cha mwalimu aliyestaafu, na Awuor akaangusha kitambaa.

Mtoto anayechukuliwa: nikaandika Awuor. Uhusiano: hapo nikakwama. Sikujua niandike nini, sikuwa bado mume, na kuandika "mkaguzi" kungenimaliza. Nikaacha wazi, daftari likarudi jikoni, na sote tukangoja. Liliporudi, pale kwenye uhusiano, kwa mwandiko wa ubaoni, uliosimama wima, palikuwa pameandikwa: "Sasa tunajua ni mtoto wa nani. Ni wetu." Na kwenye nafasi ya maoni: "Mfuko urekebishwe kabla ya harusi."

Mjomba alinipiga mgongoni nikamwaga chai. Awuor alicheka na kulia pamoja, kitu ambacho sikujua anaweza kufanya. Mimi nilishika daftari lile kwa muda mrefu, shangazi akalazimika kunipokonya.

Mfuko ulirekebishwa. Beji haitoki shingoni mwangu, naivaa nikienda kununua mkate, naivaa kanisani, na nikiomba mtu leseni yake naanza kwa kuonyesha shavu langu lililovimba, na hakuna mlezi anayenitetemekea tena. Vituo vya Kendu Bay vyote anaenda mwenzangu. Juzi juzi alirudi kutoka kwa Dani kukagua leseni mpya, akiwa ameshika mbavu. Anasema kila kitu kiko sawa, karatasi zote zimetiwa fremu na kutundikwa, ya leseni, ya tabia njema, ya afya, ya paka, na pembeni ya ile ya paka iko fomu yangu niliyoikimbia siku ile, haina sahihi, ina mstari mmoja tu uliojazwa: "Godoro: gumu, sawa." Zote ziko kwenye mlango wa chumba chake cha kulala, kwa hivyo mimi sitakuja kuiona maisha yangu yote.